Kuzunguka Si Neno Moja

Mvuvi wa Mkwaja akiona leo maji yamejaa saa kumi na mbili asubuhi, hahitaji kuulizwa mara mbili habari za kesho. Atajibu kwamba kesho maji yatachelewa, na keshokutwa yatachelewa zaidi; na akiutazama mwezi ataweza kukadiria siku za bamvua na siku za maji mafu bila kushika karatasi. Kuchelewa huko ni kwa kiasi cha dakika 50 kila siku. Ujuzi huo umerithiwa tangu zamani katika pwani yote ya Pangani, nao ni sahihi kwa kadiri inayomtosha mtu mwenye ngalawa na wavu.

Sasa mtoto wa mvuvi huyo, akiwa darasani, amwulize mwalimu wake: kwa nini maji huchelewa? Jibu la sayansi ni fupi. Dunia huzunguka, na mwezi huzunguka. Kwa kuwa dunia huzunguka, maji hujaa na kupwa. Na kwa kuwa mwezi nao huzunguka, maji huchelewa. Mtoto ataliandika jibu hilo daftarini na pengine atapata alama zote siku ya mtihani. Lakini hakufahamu kitu. Ameambiwa kwamba jambo moja husababishwa na kuzunguka, na jambo la pili, lililo tofauti kabisa, nalo husababishwa na kuzunguka. Mwalimu mwenyewe alikuwa akifikiri misogeo miwili. Mtoto amesikia mmoja.

Kasoro kama hiyo ikitokea, lawama ya kwanza aghalabu hutupiwa lugha. Husemwa kwamba Kiingereza kina neno lake kwa msogeo wa kitu katika mhimili wake na neno jingine kwa msogeo wa kitu kukizunguka kingine, na kwamba Kiswahili, kwa umaskini wake, kimeyabwaga yote mawili katika chombo kimoja. Madai hayo hurudiwa sana na watu wasioyachunguza. Pa kuanzia uchunguzi ni Kiingereza chenyewe.

Kitenzi cha kawaida cha Kiingereza kwa mambo haya ni turn. Hakuna neno lililobebeshwa mizigo mingi kuliko hilo. Gurudumu hufanya turn, na mtu agekaye njiani hufanya turn. Maziwa yakichacha yamefanya turn. Mtu akitimiza miaka 20 amefanya turn. Rafiki akikusaliti amekufanyia turn. Na mtoto asubiriye nafasi yake bombani anangoja turn yake. Mwingereza akiulizwa neno hilo lina maana gani hasa, atazungusha mkono hewani. Kwa hiyo, likitafutwa neno moja lililochanganya mambo mengi, si zunguka litakalotangulia.

Asili ya neno hilo inafurahisha zaidi. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa tyrnan au turnian, nalo lilitoka katika Kilatini tornare, na likatiwa nguvu baadaye na Kifaransa. Tornare halikuwa neno la Kilatini la kugeuka kwa jumla. Kazi hiyo ilifanywa na vertere. Tornare lilikuwa neno la karakana. Maana yake ni kukereza, yaani kuchonga mti kwa kuuzungusha kwenye kerezo, na lilitokana na tornus, kerezo lenyewe, ambalo Warumi walilichukua kwa Wayunani walioliita tornos. Hivyo basi kitenzi ambacho leo hutumiwa na wafalme, majaji na washairi wa Kiingereza kilianzia mikononi mwa fundi aliyechonga miguu ya viti, miguuni pake pakiwa na mabaki ya mbao.

Na Waingereza walipotaka kusema sayansi, neno hilo halikuwatosha. Walikwenda tena kukopa kwa Kilatini. Walichukua rotate, kutokana na rota, maana yake gurudumu. Wakachukua orbit, kutokana na orbita, yaani alama ya gurudumu barabarani. Wakachukua revolve, maana yake kubingirisha nyuma. Tena hawakuyatenganisha vizuri. Nicolaus Copernicus alipochapisha kitabu chake mwaka 1543, neno revolutio katika jina la kitabu lilihusu mizunguko ya mbinguni. Baadaye neno hilo hilo likashushwa duniani likawa na maana ya kuangusha serikali, na leo fundi wa magari husema injini ina revolution elfu kadhaa kwa dakika. Sayari, injini na maasi vimo katika neno moja. Mswahili hawezi kuingia katika mkanganyiko huo hata akitaka. Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Zanzibar mapinduzi. Injini ina mizunguko. Mfasiri atakayeandika mapinduzi ya dunia akikusudia njia yake kulizunguka jua atachekwa na darasa zima.

Mapinduzi latokana na pindua, na pindua latokana na pinda. Sarufi yenyewe hapa ni somo la sayansi. Irabu -u- inayotiwa mwishoni mwa shina la kitenzi cha Kibantu mara nyingi hutengua tendo: funga na fungua, ziba na zibua, tega na tegua. Kitu kilichopindwa kimeacha mstari wake ulionyoka. Kitu kilichopinduliwa, upande uliokuwa juu sasa uko chini. Wa kwanza ni mkunjo, wa pili ni mgeuko kamili wa mkao. Tofauti kubwa kama hiyo Kiswahili huionyesha kwa irabu moja.

Tofauti hiyo haikutungwa na wanaisimu. Inaonekana ufukweni. Katika pwani ya Madete, jirani na Mkwaja, kasa hupanda mchangani usiku kutaga mayai. Zamani, kabla ya wanyama hao kulindwa na sheria, njia nyepesi ya kumkamata kasa ilikuwa kumpindua chali, kwani akiwa chali juu ya nchi kavu hujinasua kwa taabu kubwa. Mabaharia wa Kiingereza walioiona kazi hiyo katika bahari za mbali walipata msemo kutokana nayo: merikebu ikilala kichwa chini, wao husema imefanya turn ya kasa. Mswahili hakuhitaji kumwita kasa ashuhudie. Kasa amepinduliwa na chombo kimepinduka. Kitenzi ni kile kile, maana tendo ni lile lile. Mwalimu wa fizikia anayetaka kufundisha mizani ya vyombo ana mlango ulio wazi hapo. Chombo hulala upande kikasimama tena maadamu msukumo wa maji unakirudisha. Ukipita kiasi, uzito wenyewe hukimalizia, nacho hupinduka. Ngalawa ina matengo yake mawili, mbao zinazoelea kila ubavu, kwa ajili ya kuiweka mbali na kiasi hicho. Kuna neno kwenda mrama, la chombo kinachoyumba, na kuna neno kupinduka. Kati ya maneno hayo mawili pana mpaka ambao vitabu vya fizikia huueleza kwa mchoro na hesabu.

Jahazi nalo lina vitenzi vyake. Likipata upepo wa mbisho, yaani upepo utokao huko huko linakotaka kwenda, haliwezi kuuelekea moja kwa moja. Huenda upande mmoja, kisha upande wa pili, likipata hatua kidogo kidogo dhidi ya upepo. Kazi hiyo ni kubisha. Ni kitenzi kimoja tu, lakini ndani yake mna tanga, upepo, maji yanayouzuia ubavu wa chombo usiteleze, na subira ya nahodha. Tena, manahodha wa matanga ya pembe tatu kwa kawaida hawapitishi omo katika upepo wanapobadili upande. Huipitisha tezi, na foromali huhamishwa hadi upande wa pili wa mlingoti. Asiyejua ataona chombo kimegeuka tu. Anayejua ataona kwamba kimegeuka kwa njia ndefu ili tanga lisije likabamizwa mlingotini.

Pale chombo kinapoundwa pana utajiri mwingine. Fundi hutoboa mbao kwa keekee. Kamba ya uta huviringwa kwenye mti wa keekee, na uta huvutwa mbele na nyuma. Chuma huzunguka kuume, kikasimama, kikazunguka kushoto. Kitenzi chake ni kupekecha, ambacho pia hutumika kwa kijiti kinachosuguliwa kati ya viganja ili kupata moto. Kupekecha si kuzunguka. Ni mzunguko unaorudi nyuma kila mara. Anayefundisha juu ya pendulamu, au juu ya gurudumu dogo la ndani ya saa ya mkono linalokwenda na kurudi, anasema kwa maneno kumi kile ambacho fundi mashua hukisema kwa neno moja. Kwa ajabu, neno hilo halikualikwa darasani.

Halikualikwa pia neno kusokota, wala mwenzake kupota. Mkoa wa Tanga ungepaswa kuwa wa kwanza kulidai. Miche ya mkonge aliyoileta Richard Hindorf mwaka 1893 ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto wa Pangani, ikiwa 62 tu iliyosalimika safarini, na kutokana nayo yakaenea mashamba yaliyoifanya Tanga ijulikane ulimwenguni. Kamba ya mkonge, kama ile kongwe zaidi ya makumbi ya nazi, hushikana kwa sababu ya siri moja ya misogeo. Nyuzi husokotwa upande mmoja hata ziwe kambaa. Kisha kambaa hizo hupotwa pamoja kwa upande ulio kinyume. Kila kambaa hutaka kujifungua, na katika kutaka huko huikaza jirani yake. Ncha moja ikizungushwa na ya pili imezuiwa, kitu husokoteka; ncha zote mbili zikiwa huru, kitu huzunguka tu wala hakuna kinachokazwa. Mhandisi anayepima ekseli ya lori isikatike anapima msokoto. Na mtazame mtu alivyolichukua neno la kamba akalitia katika maadili: pota, kisha potoa, kisha potoka, hata tukapata mpotovu, mtu aliyesokotwa vibaya.

Yapo mengine. Zinga, viringa, bingirika, kengeuka, tegua. Zunguka lenyewe ni la Kibantu, lina ndugu zake kama zungulira la Kichewa, na limezaa kizunguzungu, hali ya mtu ambaye amesimama lakini kichwa chake kinaendelea na safari. Na ile turn ya kungoja bombani, Mswahili huiita zamu, neno lililokuja na mabaharia wa Kiarabu, ambao kwao zam ilikuwa muda wa saa tatu za safari baharini. Hata zamu ya kufagia darasa ilishuka kutoka chomboni.

Basi, ikiwa lugha ina haya yote, mtoto wa Mkwaja alipotelea wapi?

Alipotelea katika nomino. Kiingereza cha sayansi hupenda majina ya vitu. Hakisemi kwamba dunia huzunguka; husema kuna mzunguko wa dunia, kisha kikautafutia mzunguko huo vipimo na sababu. Waliotafsiri vitabu vya shule walifuata mtindo huo, wakaitafsiri nomino kwa nomino. Hapo ndipo hasara ilipoingia, kwa kuwa usahihi wa Kiswahili haukai katika nomino. Unakaa katika kitenzi, na hasa katika vile viungo vidogo vinavyokizunguka kitenzi mbele na nyuma. Mtu akisema mwezi huizunguka dunia, ile -i- katikati imekwisha kumaliza ubishi: kuna kinachozunguka, na kuna kinachozungukwa. Akisema dunia huzunguka, bila kiungo hicho, msikiaji anajua kwamba hakuna kingine kinachozungukwa. Akisema huzungukia, au huzungushwa, au huzungukana, kila mara picha ni nyingine. Lakini mwandishi akiondoa viungo hivyo vyote akabaki na mzunguko wa dunia, ameivunja saa yake mwenyewe ili asome mishale kwa urahisi zaidi. Mzunguko upi? Wa siku au wa mwaka? Kitabu hulazimika kuongeza maelezo, na maelezo hayo huwa marefu kuliko kitenzi kilichotupwa.

Wapo waliouona ugumu huo wakaleta dawa: dunia hujizungusha, na dunia hulizunguka jua. Dawa hiyo imesaidia. Lakini ina sumu ndogo ndani yake. Kiambishi -ji- pamoja na -sh- humfanya mtenda awe anajitia katika tendo kwa nguvu zake. Mtu hujizungusha, paka anayetafuta mkia wake hujizungusha. Mwanafunzi mwenye akili atauliza mara moja: dunia hupata wapi nguvu za kujizungusha kila siku, na je, haichoki? Swali lake ni zuri, nalo limezaliwa na sarufi wala si na maumbile. Dunia haijizungushi. Ilianza kuzunguka tangu ilipokusanyika, na huendelea kwa sababu hakuna cha kuisimamisha, kama Isaac Newton alivyoonyesha mwaka 1687 kwamba kitu kilicho katika mwendo hakihitaji kusukumwa ili kiendelee. Kama kipo cha kuilemea, ni maji. Mawimbi ya kujaa na kupwa, haya haya yanayopanda ufukwe wa Mkwaja, huivuta dunia nyuma kidogo sana, hata siku imerefuka kwa karibu milisekunde 2 katika kila karne. Mtu aliyefundishwa kwamba dunia hujizungusha atapata taabu kuelewa kwa nini inapungua mwendo, isipokuwa aseme imezeeka.

Yafaa litafutwe neno lisilo na mtenda wa bandia. Watoto wanalo, nalo ni pia, ile wanayoipiga kwa kamba ikazunguka papo hapo mpaka ikaonekana kama imesimama. Haiwezi kusemwa dunia huzunguka pia, maana msikiaji atangoja kuambiwa ni nani mwingine aliyezunguka. Lakini dunia huzunguka kipia, kwa ki- ya namna, husikika bila utata: kama pia, mahali pake, bila kusukumwa tena baada ya kuanzishwa. Na kama pia inayolegea, dunia nayo huyumbisha ncha yake polepole, mzunguko mmoja kwa miaka kama 26,000. Hilo ni somo la baadaye, lakini neno litakuwa limekwisha kulifungulia mlango. Neno mhimili, ambalo limekwisha zoeleka kwa ule mstari wa katikati, lina walakini wake pia, kwa kuwa mhimili wa nyumba hubeba kitu na mhimili wa dunia haubebi chochote; ila neno likishaenea nchi nzima si busara kulifukuza kwa sababu ya walakini mmoja.

Litatolewa pingamizi kwamba hayo ni maneno ya pwani. Mtoto wa Shinyanga hajaona jahazi, hajui foromali, wala hana haja ya kubisha. Pingamizi hilo lina uzito kwa neno bisha, na kwa hakika hakuna anayetaka kubisha kuingizwe katika somo la sayari. Kwa pekecha, sokota, pindua na pinda halina uzito wowote. Kamba husokotwa Shinyanga, na moto ulipekechwa kila mahali. Aidha, mtoto wa Mkwaja amefundishwa kwa mifano ya treni na theluji bila mtu kumhurumia.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Mtoto huyu akifaulu darasa la saba ataingia sekondari, na huko atafundishwa kwa Kiingereza. Kwa nini basi asumbuliwe na vitenzi vya Kiswahili? Mwaka 1982 tume ya elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza kwamba Kiswahili kianze kutumika katika sekondari tangu mwaka 1985. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na mjadala umeendelea tangu wakati huo. Lakini pingamizi lenyewe huangusha hoja yake. Mtoto ambaye hakuona misogeo miwili kwa lugha anayoiota usiku hataiona kwa lugha anayoianza asubuhi. Atakariri rotate na revolve kama alivyokariri mzunguko na mzunguko, na tofauti yake itakuwa ya herufi tu. Anayeingia sekondari akijua kwamba dunia huzunguka kipia na hulizunguka jua, huyo atahitaji kujifunza maneno mawili mapya kwa mambo mawili anayoyajua. Kazi hiyo ni ya jioni moja.

Na jambo hili halimhusu mtoto peke yake. Pepo za Mkwaja hubadilika mara mbili kwa mwaka. Kaskazi hushika kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Machi, kisha yakaja maleleji, kisha kusi. Hapo kitenzi ni kugeuka, maana upepo umeelekeza uso wake kwingine. Upepo wa kusi nao ukisafiri kuvuka ikweta haunyooki. Hupinda mkono wa kulia, kwa sababu dunia huzunguka chini yake, jambo ambalo hesabu zake ziliwekwa wazi na Gaspard-Gustave de Coriolis mwaka 1835. Upepo wa kimbunga ni wa namna ya tatu: huku kusini mwa ikweta hukizunguka kitovu chake upande mishale ya saa inakokwenda. Vimbunga ni adimu katika pwani hii, lakini havikosi kabisa. Kile cha Aprili 1872 kiliangamiza mikarafuu ya Unguja. Lindi ilipigwa mwaka 1952. Na mwanzoni mwa Mei 2024 kimbunga kilichoitwa Hidaya kilikaribia hadi Mafia kabla ya kudhoofika. Siku kama hiyo, mwenye mashua aliyekaa na redio yake anahitaji kujua mambo matatu: upepo unakizunguka kitovu kwa kasi gani, kitovu chenyewe kinasafiri kwenda wapi, na njia yake inanyooka au inapinda. Akisikia tu kwamba mzunguko wa kimbunga umegeuka, ameambiwa nini? Huenda hatari imekwisha, au huenda inamjia. Kitovu kinaweza kupita, upepo ukatulia, akadhani salama, kisha upepo ukaja kwa nguvu ile ile kutoka upande wa pili. Na sababu ya hilo imo katika kitenzi, kwani kinachozungukwa hakina upepo katikati yake.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981, na kamusi za sayansi zilizofuata, zilifanywa na watu waliofanya kazi kubwa kwa fedha kidogo, na si haki kuwalaumu kwa kuanzia katika orodha ya maneno ya Kiingereza. Vitabu vilivyotakiwa vilikuwa vya Kiingereza, na wanafunzi walikuwa wanangoja. Lakini orodha hiyo ilipoanza na nomino, majibu nayo yalikuwa nomino. Ingekuwa jambo la maana kama kamati za istilahi zingefanya baadhi ya vikao vyake chini ya banda la waunda mashua, huko Mkwaja au Pangani, zikiwa na orodha ya misogeo badala ya orodha ya maneno: kitu kinazunguka mahali pake, kitu kinakizunguka kingine, kitu kinazunguka na kurudi, kitu kinazungushwa ncha moja na nyingine imefungwa. Mafundi waulizwe wao husemaje. Kitenzi cha Kiingereza kilipatikana kwenye kerezo, wala hakuna aliyemwuliza fundi yule kama alikuwa na shahada.

Na mwalimu wa mtoto yule anaweza kuanza kesho, bila kungoja kamati. Dunia huzunguka kipia, kutoka magharibi kwenda mashariki, na kila siku huibeba pwani ya Mkwaja hadi chini ya mwezi, ambako bahari imevutwa ikainuka. Na kwa kuwa bahari huinuka pia upande wa pili wa dunia, uliogeukia mbali na mwezi, Mkwaja hupata maji mara mbili. Lakini mwezi haungoji. Nao huizunguka dunia, ukielekea upande huo huo. Baada ya saa 24 pwani imerudi pale ilipokuwa jana, na mwezi haupo pale. Umetangulia kiasi cha nyuzi 12. Dunia hutumia dakika 4 kupita kila uzi mmoja. Mtoto apige hesabu ya nne mara kumi na mbili, kisha aende akamwulize baba yake maji yalichelewa kwa muda gani.